Mrs Brown's Boys: maswali ninayoulizwa kila Krismasi na majibu yangu

Desemba ikikaribia tu naulizwa yale yale. Wadogo zangu wa nyumbani wananiuliza, wenzangu wa shifti wananiuliza, na Wabongo waliohamia huku Uingereza juzi juzi ndo kabisa, maana wanawasha tivii usiku wa sikukuu wanakuta mwanaume mtu mzima kavaa sketi na sweta la vifungo, miwani puani, anamporomoshea mwanawe matusi na ukumbi mzima unakufa kwa kicheko, halafu kesho yake kazini wanakuta nusu ya watu wanaikubali ile kitu na nusu wanaichukia kama vile imewakopa hela ikazima simu. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeyaweka hapa yote. Mengine marefu mengine mafupi, nivumilieni.

Kwanza hii Mrs Brown's Boys ni kitu gani?

Ni sitkomu, yaani ile komedi ya tivii ya nusu saa, watu wale wale, nyumba ile ile, kila wiki balaa jipya. Mama anaitwa Agnes Brown, mjane wa Dublin, watoto wake wameshakuwa watu wazima ila yeye hajapokea hiyo taarifa, anasikiliza milangoni, anaingilia mahusiano ya watu, mdomo hauna breki. Anayemuigiza ni Brendan O'Carroll na skripti anaandika yeye. Ilianza redioni huko Ayalandi mwaka 1992, na inasimuliwa kwamba mwigizaji wa kike aliyepangiwa hakutokea siku ya kurekodi, jamaa akaona isiwe tabu, sauti ya mama akaitoa mwenyewe. Ikawa imetoka hiyo mpaka leo. Baadaye vikaja vitabu, kisha miaka na miaka ya kuzunguka kumbi za maigizo za Ayalandi na Uingereza, mpaka mwisho BBC wakaona huyu mtu anajaza viti kila anapoenda, kwa nini tusimchukue. BBC One walianza kuionesha tarehe 21 Februari 2011.

Sasa mbona inaitwa ya kizamani wakati imeanza 2011?

Kwa sababu ya ilivyotengenezwa. Angalia sebule yao, ina kuta tatu tu, ule wa nne ndo sisi tulipo. Sofa inatazama mbele na hakuna mtu anayekaa akakupa mgongo. Mlango upo pale ili jirani aingie bila hodi wakati mbaya. Kuna watu wa kweli wamekaa kwenye viti wanaangalia, kuna kamera kadhaa zinafanya kazi kwa pamoja, na mwigizaji akitoa utani anasubiri kidogo watu wacheke ndo anaendelea. Waingereza wametengeneza komedi hivyo tangu Hancock's Half Hour ilipotoka redioni ikaingia kwenye tivii mwaka 1956, wakaja na Dad's Army 1968, Fawlty Towers 1975, zote umbo ni hilo hilo.

Halafu kukatokea mabadiliko. Mwaka 1998 ikaja The Royle Family, familia imekaa kwenye makochi inaangalia tivii na hakuna anayecheka huko nyuma, na mwaka 2001 ikaja The Office, imepigwa kama dokumentari, kimya kirefu, aibu tupu, utani unautafuta mwenyewe kama hela uliyoidondosha kitandani. Kuanzia hapo wajuaji wakaamua hiyo ndo komedi ya watu wenye akili. Ya kicheko cha ukumbini ikaonekana ushamba. Kwa hiyo 2011 Mama Brown alivyoingia na mambo ya kuanguka, kuvuka suruali na kugonga watu na sinia, ilikuwa kama mtu kutokea kwenye harusi ya leo na bugaluu. Kuna waliosema huyu vipi, na kuna waliosema jamani, hizi ndo nguo zetu, zilienda wapi.

Hicho kicheko ni cha kweli au kimebandikwa?

Cha kweli. Wanarekodi Glasgow, kwenye studio za BBC Scotland pale Pacific Quay kando ya mto Clyde, na watu wanakuja kukaa wanaangalia. Kabla ya kuanza kuna mtu kazi yake ni kuwachangamsha tu, kama MC anavyofanya kabla maharusi hawajaingia, kwa hiyo kamera zikiwaka watu wameshalainika.

Wanaosema kimebandikwa wanachanganya na mambo ya Marekani, huko ndo walikuwa wanabandika sana. Mfano mzuri ni M*A*S*H, ya madaktari wa jeshi kwenye vita vya Korea, Wamarekani waliirusha na kicheko juu yake ila BBC walipoionesha huku wakakiondoa, na ikawa kama kitu kingine kabisa, kizito zaidi.

Lakini kwenye Mrs Brown's kuna jambo jingine, na hapa ugomvi ndo unapoanzia. Hawafichi kwamba ni maigizo. Mama anatoka jikoni kwenda sebuleni na kamera inamfuata moja kwa moja, unaona kabisa unene wa ukuta wa mbao, unaona waya, wakati mwingine unaona na wale watu waliokaa. Anageuka anaongea na wewe uliyeko nyumbani. Na makosa hawayakati! O'Carroll anabadilisha maneno kusudi ili mwenzake acheke, unamuona yule mwingine kabana midomo, mabega yanatikisika, anaangalia chini kwenye kikombe cha chai, na mama amekaa anamtazama tu, hana haraka, anajua atapasuka. Mimi hapo ndo wananipata kila siku. Dada mmoja wa kazini kwetu hapo hapo ndo anazima tivii, anasema mtu anayelipwa kuigiza ashindwe kujizuia kucheka halafu mimi nishangilie? Na siwezi kusema amekosea.

Kwa nini watu wamegawanyika kiasi hiki? Si komedi tu?

Nimelifikiria sana hili swali na jibu langu ni kwamba watu hawagombani kuhusu utani, wanagombana kuhusu kile kicheko. Kicheko cha ukumbini ni cha watu wengine na kimeingia sebuleni kwako bila kukuuliza. Ukiwa umekubali unajiona uko nao, nyumba imejaa hata kama uko peke yako. Ukiwa hujakubali ni kama umekaa kwenye harusi usiyomjua bibi wala bwana, MC anapiga utani wa kiukoo, meza zote zinagongwa, na wewe umeshika glasi ya soda unajiuliza ulikujaje. Komedi isiyo na kicheko ikikushinda unasema tu hainichekeshi, unalala. Hii ikikushinda unajiona umetengwa, na mtu aliyetengwa anakasirika.

Pia angalia nani anaangalia na wapi. Mkosoaji wa gazeti anatumiwa kazi mapema, anaiangalia peke yake na kalamu mkononi. Mtazamaji yuko kwenye kochi, kashiba bata mzinga, bibi upande huu, wajukuu upande ule, mtu kamwaga kinywaji. Kwa kweli hawajaangalia kitu kimoja hao. Halafu mkosoaji anaandika kwamba ni uchafu na kwamba anayecheka hana akili, na yule wa kwenye kochi anasoma kesho yake.

Na hapo linaingia suala la tabaka, ambalo kwa Waingereza liko kwenye kila kitu hata kwenye jina la mlo wa jioni. Mama Brown anaishi mtaa wa watu wa kipato cha chini, chai kila saa, picha ya Yesu ukutani, na wanaompenda wengi niliokutana nao ni watu wazima, wafanyakazi, watu ambao wanahisi tivii imeanza kuwaongelea vijana wa London peke yao. Ukiwatukania Mama Brown wanasikia umemtukana mama yao. Kwa upande wa pili kuna waandishi vijana na mashabiki wao wanaona saa nzuri ya Krismasi kapewa mtu anayerudia utani wa mwaka 1974, wao wanaambiwa wasubiri. Wote wana uchungu wa kweli. Kuna pia wanaosema utani wake kuhusu Rory, yule mwanawe msusi anayependa wanaume, ni wa kizamani kwa maana mbaya, na wengine wanajibu kwamba yule mama ndo anayempigania Rory kuliko mtu yeyote mle ndani. Mimi naona yote mawili yapo, inategemea ni episodi gani.

Kama wakosoaji waliiponda, tuzo ilipataje?

Hapo ndo palinoga. Mwaka 2012 ilichukua BAFTA, ile tuzo kubwa ya tivii ya Uingereza, ya sitkomu bora, ikazipita Rev., Fresh Meat na Friday Night Dinner ambazo wakosoaji walikuwa wanazibeba mgongoni. Mwaka 2016 jarida la Radio Times likawapigisha kura watu wachague sitkomu bora ya karne ya 21, ya kwanza ikawa Mrs Brown's Boys na The Office ikashika ya pili. Kulikuwa na vilio siku hiyo, utadhani Yanga kafungwa na timu ya daraja la pili. Na Krismasi ya 2013 ndo ilikuwa namba moja kwa watazamaji wa siku ile, zaidi ya milioni 9.

Ni ya Waingereza au ya Waayalandi?

Msimwambie mtu wa Dublin kwamba ni ya Kiingereza, mtaondoka bila chai. Watu wake ni wa Ayalandi, stori ni ya Dublin, RTÉ, shirika la utangazaji la Ayalandi, ni washirika na ndo walioirusha kwanza, tarehe 1 Januari 2011. Ila inarekodiwa Scotland, BBC wameweka hela, na umbo lake kama nilivyosema ni lile la sitkomu ya Uingereza. Mchanganyiko. Na kwa taarifa yenu huko kwao Ayalandi nako wamegawanyika vile vile, kuna wanaoona mtu wao kafika mbali, kuna wanaoona anawauza kwa Waingereza kama watu wa matusi na chai.

Ni kweli wote mle ndani ni ndugu?

Karibu wote. Cathy, binti wa Mama Brown, ni mke wa O'Carroll, Jennifer Gibney. Jirani Winnie ni dada wa O'Carroll, Eilish. Maria anaigizwa na binti wa O'Carroll, Fiona, na yule mhuni Buster ni mwanawe Danny. Kwa hiyo unamuona mke anamwita mumewe mama na mume kavaa wigi. Wanaoipenda wanasema ndo maana inaonekana familia kweli. Wasioipenda wanasema ndo maana hakuna aliyefanyiwa usaili. Hahaha.

Mwanaume kuvaa gauni, Waingereza hawashangai?

Hawashangai hata kidogo, ni jadi yao. Kila Krismasi wanapeleka watoto kwenye pantomaimu, ni maigizo ya hadithi za watoto, na pale lazima kuwe na mama mnene anayeigizwa na mwanaume, nywele bandia, matiti ya kuweka. Babu zao waliona, wao wameona. Anayeshangaa ni mimi na wewe tuliotoka Tanga.

Hela ya leseni inaingiaje kwenye huu ugomvi?

Inaingia pakubwa. Huku ukitaka kuangalia tivii laivu, stesheni yoyote, au iPlayer, ile ya BBC ya kuangalia mtandaoni, unalipia leseni kwa mwaka. Mwaka 2011 ilikuwa pauni 145.50, Aprili 2025 ikafika 174.50. Kwa hiyo Mwingereza akiona kipindi cha BBC asichokipenda hasemi sijapenda, anasimama kama mwanachama wa SACCOS kwenye mkutano mkuu, hela yangu imefanya nini hapa. Na yule anayekipenda naye anajibu hela ni yangu pia, mimi ninyi mliniletea opera nikanyamaza.

Je ni hii tu au zipo nyingine mpya za kizamani zilizogombanisha watu?

Zipo. Kabla yake kidogo, 2009, ilikuja Miranda, ya dada mrefu anayeanguka anguka na kutuangalia kwenye kamera, na mwishoni waigizaji wote wanatupungia mkono, mtindo wa komedi za David Croft aliyetengeneza Dad's Army. Ilianzia BBC Two, ikapendwa, ikahamishiwa BBC One, ila wapo walioona ni kelele tu.

Mwaka 2013 peke yake zilitoka mbili. ITV ya huku Uingereza walitoa Vicious, Ian McKellen na Derek Jacobi, magwiji wa Shakespeare wote wawili, wanaigiza wapenzi wazee wanaotukanana ndani ya fleti yenye mapazia mazito, na watu wakagawanyika kabisa, wengine walikuwa wanalia kwa kicheko na wengine wanauliza vipaji hivi vimepotezwaje. Ikafika mpaka 2016 lakini. BBC One wao wakatoa The Wright Way ya mwandishi wa komedi Ben Elton, na hiyo haikugawanya mtu, ilipondwa pande zote, msimu mmoja ikazikwa. Cha kushangaza ni kwamba Elton huyo huyo mwaka 2016 akarudi na Upstart Crow, ukumbi ule ule, kicheko kile kile, na hao hao waliomponda wakamsifia. Kwa hiyo mtu akikwambia tatizo ni ukumbi na kicheko, mwambie atulie.

Mwaka huo huo 2016 BBC walikuwa wanasherehekea miaka 60 tangu Hancock aingie kwenye tivii, wakafufua za zamani kwa waigizaji wapya. Are You Being Served? ikaoneshwa mara moja ikaishia hapo. Porridge ikapata msimu 2017, mmoja tu.

Wakenya tuliokulia na Mind Your Language mbona tuliipenda bila maneno?

Rafiki zangu wa Nairobi wananiuliza hili, maana KBC iliwalea nayo. Darasa la jioni la wageni wanaojifunza Kiingereza London, na mwalimu naye ni Bwana Brown, hawana undugu. Ilianza 1977 na ilikuwa na watazamaji wengi tu, ila 1979 bosi mmoja wa London Weekend Television, stesheni iliyoitengeneza, Michael Grade, aliisimamisha akiona inawadhalilisha wageni. Ikaja kurudi kwa muda mfupi 1986. Sasa kichekesho ni kwamba waliodhalilishwa, yaani sisi na Wahindi na Wapakistani, ndo tulioendelea kuiangalia miaka na miaka. Mimi niliicheka sana utotoni kwa jamaa zangu wa Mombasa. Nikaja kukaa kwenye darasa kama lile lile, huku huku, jioni baada ya shifti, nimesimama mbele nashindwa kutamka neno watu wanasubiri, na nikakumbuka nilikuwa namcheka nani. Nikiiona saa hizi bado nacheka, ila nacheka nikiangalia pembeni.

Mbona siku hizi haina moto kama zamani?

Misimu ya kawaida ilikuwa mitatu tu, iliisha mapema 2013, baada ya hapo ikawa ya kuoneshwa sikukuu kwa sikukuu, ukiondoa episodi moja ya laivu Julai 2016 na vimsimu vifupi kama kale ka episodi 4 mwaka 2023. Kitu cha mara moja kwa mwaka kinabaki mazoea. Kila Krismasi mti wake wa kwenye sebule unafanya vituko, mwaka huu unazunguka mwaka kesho unapaa, ushajua. Mimi mwenyewe naona uvivu umeingia, na nasema hivyo kama mtu anayeipenda.

Lakini pia tivii yenyewe imebadilika. Krismasi ya 1996 sitkomu ya BBC, Only Fools and Horses, iliangaliwa na watu milioni 24.3, ila kipindi hicho stesheni za bure zilikuwa 4. Saa hizi kila mtu na simu yake chumbani.

Naweza kuangalia na wazazi au watoto?

Watoto hapana. Vipindi vya namna hii huku havirushwi kabla ya saa tatu usiku, na kuna sababu, matusi ni matusi kweli. Wazazi inategemea Kiingereza chao kikoje. Cha wangu hakijafika huko, tukaangalia kwa amani.

Umewahi kumuona mtu akibadilisha upande?

Mmoja, na sina uhakika kama alibadilisha. Krismasi ya 2013 nilikuwa shifti ya jioni kwenye nyumba ya wazee, kaskazini huku. Tuliwapanga wazee sebuleni mbele ya tivii, na mwenzangu alikuwa kijana wa chuo, kazi ya likizo, ana maoni kuhusu kila kitu. Jioni nzima anaongea jinsi hii kitu ilivyo ya wajinga, akasimama mlangoni na trei ya vikombe kuonesha kwamba yeye haangalii, anapita tu. Kuna bibi mmoja alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, yeye alikuwa anamalizia sentensi za Mama Brown kabla Mama Brown hajazimaliza. Basi ikafika mahali mmoja wa waigizaji kashindwa kujizuia, kapasuka, wote wakapasuka, na nyuma yetu tukasikia vikombe vinagongana kwenye trei. Bibi hakugeuka hata. Akasema tu, "Usiogope mwanangu, hatumwambii mtu."